Kitabu Kinarudi Mara Mbili

Wengine wangeanza kwa kusema mama huyu alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani. Mimi sijui, na si kwa kukosa kuuliza. Nilimuuliza siku moja, akanijibu: "Mucuruzi," yaani mchuuzi, "uko unanunua karanga ama unanunua shamba?" Nikaacha. Kwetu sokoni ukijibiwa hivyo unajua bei imefungwa, unachukua mfuko wako na kuondoka.

Kwa hiyo nitaanza na kiti chake. Kilikuwa kiti cha mbao, mgongo umenyooka, mguu mmoja umefungwa kwa raba ya tairi. Kilikaa karibu na mlango wa bibliyoteki, maktaba yake, na mtu aliyekikalia alikuwa na kazi moja tu, kusikiliza. Miaka yote niliyomjua, aliyekikalia ni yeye. Halafu macho yakaanza kumwacha, na yeye akaanza kuuliza swali lile lile kwa kila aliyeingia, awe padri, mwalimu au muuza sambaza, wale dagaa wa ziwani: "Mimi nikiinuka hapa, nani atakaa?"

Watu walicheka. "Ee Mama, bado uko na nguvu," walisema, wakabeba vitabu vyao wakatoka. Mimi pia nilisema hivyo. Nilijua kwamba hilo ni swali la mtu anayetafuta mnunuzi, na mchuuzi mwenye akili haangalii mara mbili kitu ambacho hataki kuuziwa.

Tulimwita Mama Bitabu, mama wa vitabu. Bibliyoteki yake ilikuwa garaji ya gari ndani ya ua mmoja wa mtaa wa Himbi, hapa Goma. Mwenye ua, mzee mfanyabiashara wa Butembo, aliuza gari lake, akabaki na garaji tupu, akamwachia mama huyu aweke vitabu humo "kwa muda". Muda huo ulidumu kuliko ndoa nyingi ninazozijua. Kulia palikuwa na ofisi ya shirika fulani na jenereta lake, kushoto nyumba ya mtu mkubwa na mbwa wake. Mlango wa chuma wa garaji ulikuwa umekwama nusu, kila mtu akaingia ameinama. Nilimwambia ninamjua fundi wa bei nzuri. Akakataa.

"Mutu akiinama kidogo kabla ya kuingia, kiburi kinabaki inje. Kanisani wanaweka maji kwa mulango. Mimi niko na hii chuma."

Mara ya kwanza kuinama pale sikufuata kusoma. Nilifuata karatasi. Nina depo, ghala la kuuzia, ya karanga mtaani Katoyi, na karanga za rejareja zinafungwa kwenye karatasi iliyokunjwa kama pembe. Mfuko wa plastiki ni gharama, karatasi nyeupe ni gharama zaidi. Mtu akaniambia kuna mama huko Himbi amekalia karatasi nyingi na hazifanyii kitu chochote. Nikapanda moto, pikipiki ya abiria, nikaenda.

"Jambo, Mama. Niko natafuta karatasi za kufungia karanga. Kilo bei gani?"

Hakukasirika. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, kama mnunuzi anavyotazama mbuzi. "Unataka zenye maandishi ama za bila maandishi?"

"Zozote. Karanga hazijue kusoma."

"Na wenye kuzikula?"

"Wale wanatupa karatasi."

"Bon." Akanyoosha mkono bila kugeuka, akatoa kitabu chembamba kwenye rafu. "Chukua hiki. Soma. Ukirudi utaniambia nini iko ndani. Ukiona ndani hamuna kitu, nitakuuzia garaji nzima kwa kilo."

Hesabu ilikuwa rahisi: kitabu chembamba, garaji nzima. Nilikisoma usiku mbili nikiwa na nia mbaya kabisa, nikarudi nikiwa tayari na jibu. "Mama, hamuna kitu ndani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Sasa yule mwanaume alioa?"

"Angeoa vipi? Si ndugu yake alikuwa amekula mahari?"

"Aliikula namna gani?"

Nikaanza kueleza aliikula namna gani. Nilipofika mwisho jua lilikuwa limeshaelekea upande wa Sake, na watu waliokuwa kwenye benchi walikuwa wananiuliza ndugu huyo alipata adhabu gani. Mama Bitabu akapangusa kitabu kwa kitambaa, akakirudisha rafuni. "Eh, kumbe kweli hamuna kitu," akasema. Nilirudi Katoyi bila karatasi. Kwenye moto nilipiga hesabu tena, nikaona kwamba nimeuziwa, na bado sijajua nini.

Sheria yake ilikuwa hiyo tu. Kwake kitabu kilirudi mara mbili, kwa mkono na kwa mdomo. Ukikileta kwa mkono peke yake, alihesabu kwamba bado unacho. Ulipaswa kuketi kwenye benchi, mbele ya kiti chake na mbele ya watu, umsimulie kilichomo, na umsimulie kwa Kiswahili. Vitabu vingi vilikuwa vya Kifaransa, vimeachwa na wageni waliorudi kwao na mizigo iliyozidi uzito, au vimetoka kwa shule iliyofungwa, au kwa mjane aliyehitaji nafasi ya kitanda. "Kitabu kimekuja kimevaa kravate, tai ya wakubwa," alisema. "Hapa tunakivua kravate, tunakipa kiti, kinakula na sisi."

Siku ya kurudisha ilikuwa Jumamosi mchana. Bibliyoteki nyingine wanaandika ukutani "Kimya". Yeye kimya alikichukia. Akiona mtu ananong'ona alimwambia, "Sema, hakuna mugonjwa humu." Jumamosi hizo walikuja pia watu wasiojua kusoma, na kazi zao mkononi: mmoja na sinia ya maharagi ya kuchambua, mwingine na uzi wa kufuma. Kulikuwa na bibi mmoja aliyetoka Mugunga kwa miguu, hajawahi kushika kalamu maishani, lakini alikuwa anajua hadithi za rafu nzima. Msimulizi akiruka kitu, bibi alimkatiza: "Simama kwanza. Na ule mutoto wa kambo umemuacha wapi?" Msimulizi alirudi nyuma kumchukua.

Mama mwenyewe hakukubali maneno ya jumla. Ukimwambia kitabu kilikuwa kizuri, alikujibu: "Chai nayo ni nzuri. Niambie nani alifanya nini." Ukimwambia kinafundisha upendo, aliuliza upendo huo alikuwa nao nani, na aliulipia nini. Wengi walijifunza kusoma upya kwa sababu ya benchi lile. Ukijua kwamba Jumamosi utaulizwa, hupitishi macho tu juu ya ukurasa kama mtu anayepita mbele ya duka anakodaiwa.

Kila mtu alirudisha kwa namna yake. Dereva wa moto mmoja alisimulia kila kitabu kama ajali: nani alitoka upande gani, nani hakuwasha taa, nani alikimbia. Mama wa sambaza aliwatetea siku zote watu wabaya. Hata kama mtu ndani ya kitabu ameua, yeye alisema, "Lakini nao walimuchokoza." Mimi niliambiwa kwamba ninasimulia kama mtu anayekabidhi mzigo: hiki hapa, na hiki, na hiki, hesabu tena, weka sahihi. Sikuona kosa ni nini.

Sasa kuna kitabu kimoja ambacho lazima nikieleze, maana ndicho kilichoniponza.

Nilikuwa na tabia, na ningali nayo, ya kutotoka mahali na kitu ambacho sijakihesabu. Siku aliyonipa kitabu cha pili nilisimama mlangoni nikahesabu kurasa, nikahesabu tena, nikarudi ndani.

"Mama, hii imekatwa."

"Imekatwa wapi?"

"Mwisho. Hapa kurasa zimenyofolewa. Angalia."

Hakuangalia. Alicheka mpaka akashika kiti. "Mucuruzi, kitabu hiki kimebebwa na batu wengi. Wewe ndiye wa kwanza kuhesabu mbele ya kutoka."

"Basi unipunguzie."

"Nikupunguzie nini? Haulipe kitu."

"Kusimulia. Kitabu nusu, habari nusu."

Akakubali, jambo ambalo peke yake lilinitia wasiwasi.

Kilikuwa hadithi ya mwanamke aliyesafiri na kitanda cha marehemu mama yake, kwa lori, kwa mtumbwi, kwa mabega ya watu, akikipeleka kwa dada yake ambaye walikosana miaka mingi. Njia nzima kitanda kinagombaniwa, kinanyeshewa, kinalaliwa na wasiohusika. Mwishowe anafika, anabisha hodi, dada anafungua mlango. Hapo ndipo kurasa zilipokatika.

Niliporudi nikasimulia mpaka hodi. "Hapo mzigo umeisha," nikasema. Benchi zima likanigeukia. Kumbe karibu wote walishakisoma, na karibu wote walishakirudisha, na kila mmoja alikirudisha na mwisho! Dereva wa moto alikuwa amesema lori lilirudi nyuma likavunja kitanda mlangoni. Mama wa sambaza alikuwa amesema dada alipokea kitanda, akakataa godoro. Kijana mmoja wa seminari alisema walipiga magoti wakasali. Kila mmoja alikuwa amefika kwenye pengo, akaona aibu kwamba labda ni yeye aliyepoteza kurasa, au ataonekana hakumaliza, akatunga. Na Mama Bitabu, ambaye hakukubali hata maneno ya jumla, aliipokea miisho yote bila swali, akapangusa kitabu, akakiweka rafuni.

"Uliwaacha wakudanganye?" nikamuuliza walipotoka.

"Walinidanganya? Mimi niliwapa nyumba bila mulango wa nyuma. Kila mutu alitoboa wake."

Huyo ndiye alikuwa mama wetu, na mambo yake hayakuwa yakilingana. Aliwafokea wanaolamba kidole kufungua ukurasa, naye alilamba. Alisema hapokei zawadi, lakini jibini ya Masisi haikuwa zawadi, ilikuwa "dawa". Alisema simu imeharibu masikio ya watu. Halafu barabara zikafungwa, watu wa upande wa Mugunga wakashindwa kufika mjini. Basi alikaa na simu ya jirani sikioni Jumamosi nzima akipokea vitabu kwa sauti, na yule bibi wa Mugunga akisikika nyuma kabisa, akimsahihisha msimulizi.

Usiku mmoja wezi waliingia garajini. Walichukua taa ya sola, pazia, kitambaa cha kupangusia, hata sabuni. Asubuhi nilimkuta ameketi amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona. Nikampa pole ya taa.

"Taa ni kitu gani? Angalia rafu. Hawakuchukua hata kimoja!"

"Si heri, Mama?"

"Heri namna gani? Wamesimama hapa, na taa yangu mukononi, wakaona hakuna cha kuiba."

Daftari la kuazima hakuwa nalo. Nilimgombeza kwa hilo kama mtu wa biashara. Nilimwambia hata mimi karanga za mkopo naziandika, yeye anatoa mali bila jina? Akaniambia kwa sauti ya chini, akiendelea kupanga: "Jina la mutu likikaa kwa karatasi, siku moja litasomwa na mutu mwenye haukumupatia." Kwa miji mingine labda ni maneno tu. Goma tumeona wenye kuuliza majina wakija na kuondoka, wakaja wengine, na bila daftari hakukuwa na cha kuwaonyesha. Nani ana kitabu gani alikihifadhi kichwani, na sikuona akikosea. Vilipotea vichache. Havikuwahi kumkosesha usingizi. "Kitabu hakikufe njiani," alisema. "Kinakufa ndani ya kabati yenye kufungwa."

Mzee wa Butembo alipofariki, mtoto wake alikuja kuangalia mali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simenti. Simenti inahitaji mahali pakavu penye mlango wa chuma, na garaji ilikuwa mahali pakavu penye mlango wa chuma. Alizungumza kwa heshima, akampa muda, akaahidi hata kulipia lori la kuhamisha vitabu. Mimi nilijitolea kubishana naye kuhusu kodi, nikabishana vizuri sana, akanikatalia vizuri sana.

"Muache," Mama akasema. "Baba yake alisema kwa muda. Muda nao unarudi kwa mwenyewe."

"Na vitabu utavipeleka wapi?"

"Kwenye vinaendaka kila siku."

Jumamosi ya mwisho ya Himbi aliwaita wasomaji wote. Hakugawa kwa kura wala kwa umri. Alisema kila mtu achukue vile alivyovisimulia vizuri, akavitunze kwake, na atakayetaka kimoja ataelekezwa nyumba. Yeye atabaki na kiti. Wenye chukudu walisimama nje na zile baiskeli zao za mbao, wakazoea haraka kubeba vitabu badala ya viazi, mmoja akilalamika kwamba viazi angalau ukivunjika navyo unakula. Bibliyoteki ikateremka hivyo kutoka Himbi, ikasambaa Katoyi, Mugunga na kwingine, ikaingia chini ya vitanda na juu ya magunia. Mama wa sambaza alipakia watu wabaya wote.

Mimi nilipewa viwili: kile chembamba cha mahari, na kile cha kitanda.

"Mama, mimi unanipa kipungufu?"

"Wewe ndiye ulijua kama ni kipungufu."

Kuanzia hapo Jumamosi ilihamia kwake, Katoyi, kwenye nyumba ya mbao juu ya mawe meusi. Watu walikuja, wakasimulia, wakaelekezwa: kile kiko kwa fundi cherehani, kile kiko kwa mama wa mikate karibu na bomba. Iliendelea. Lakini macho yalizidi kufunga, akawa anatujua kwa miguu yetu kwenye mawe, na lile swali la nani atakaa hakuliuliza tena kwa mzaha. Nilikuwa naona mwenyewe jinsi itakavyokuwa. Vitabu havitaibiwa wala kuungua. Vitabaki kwenye zile nyumba, kila kimoja na mwenye kukitunza, na hakuna wa kukiuliza. Kabati yenye kufungwa, ila kubwa kama mji.

Halafu nikapata ujumbe kupitia kwa mama wa mikate: binti wa Mama Bitabu anakuja kumchukua, waende kukaa Bukavu, boti ni Jumapili. Na Mama amesema mucuruzi arudishe kitabu.

Nilienda siku ya Ijumaa. Mizigo yake ilikuwa imefungwa tayari, michache kiasi kwamba niliihesabu tena nikidhani kuna mingine nje. Kiti kilikuwa mahali pake.

"Ni wewe," akasema kabla sijapiga hodi. "Unakanyaga kama mutu anapima kiwanja."

Nilimwekea kitabu mikononi. Akakishika, akapitisha kidole gumba pale mwisho palipochanika. "Kwa mukono kimerudi. Sasa kwa mudomo."

"Mama, hiki nilishakirudisha zamani. Mara mbili nalipa?"

"Si wewe mwenye kuhesabu yote mara mbili?"

Nikasimulia. Mwanamke, kitanda, lori, mvua, mtumbwi, wale waliolala juu yake. Sijui kama nilisimulia kama mkabidhi mzigo, lakini hakunikatiza, na niliporuka dereva wa lori aliyeomba mto wa kulalia, nilirudi mwenyewe kumchukua. Nikafika mlangoni kwa dada. Hodi. Dada anafungua.

"Hapo zimekatika, Mama."

"Najua. Ni mimi nilizikata."

Akaniambia ilikuwa ule usiku volkeno ilipotoka na mji mzima ukatembea kuelekea Sake. Watu walibeba magodoro, mbuzi, televisheni. Yeye alibeba kitabu hiki, si kwa kukichagua, ndicho alichokuwa anakisoma. Kabla ya kufika Mugunga mvua ikanyesha. Mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga na unga kidogo wa uji, kuni zimelowa, hakuna cha kuwashia. Watu wakaona kitabu. Hawakuomba. Walikitazama tu.

"Nikasema basi, nichane wapi? Mwanzo? Nyumba isiyo na mulango wa mbele, mutu anaingilia wapi? Nikachana mwisho. Mulango wa nyuma ukikosa, mutu ataruka dirisha."

"Na mtoto?"

"Alikunywa uji. Leo atakuwa mukubwa, labda ananunua karanga kwako, na anataka upunguze."

Nje mtu alikuwa anapiga kelele za kuuza mikate. Ndipo nikauliza kile nilichotaka kuuliza tangu siku ile nilipohesabu kurasa mlangoni Himbi, maana mtu akininyima kipande cha mzigo sisahau.

"Mama, wewe ulikisoma chote. Mwisho ulikuwa nini? Dada alipokea kitanda?"

Akanigeuzia uso, na nikajua ule mtazamo hata bila macho. "Unataka kuununua?"

"Bei gani?"

"Jumamosi."

"Jumamosi gani?"

"Zote. Kiti hiki kiende kwenye depo yako. Batu watakuja, watasimulia, wewe utasikiliza. Utajua nani yuko na nini. Kichwani, si kwa daftari."

"Mama, Jumamosi ni siku yangu ya kuuza! Chukua Jumanne."

"Jumanne batu wanatafuta chakula."

"Alhamisi."

"Mucuruzi."

"Basi Jumamosi, lakini mchana tu. Asubuhi uniachie."

"Muchana ndiyo nilikuwa nataka."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mnunuzi anayepata bei yake upesi hivyo amekosea mahali. Lakini nilishampa mkono, na mkono wake ulikuwa umeshaushika wangu. "Haya," nikasema. "Nimelipa. Leta mwisho."

Akakipapasa kitabu juu na chini.

"Nimeusahau," akasema.

"Mama!"

"Ni miaka mingi. Nimerudishiwa miisho mingi sana kwa benchi lile. Wa lori, wa kusali, wa godoro. Sijui tena wa kitabu ulikuwa gani. Ule wa godoro naupenda."

"Mama, umeniuzia hewa."

"Ulihesabu mbele ya kununua?"

Mpaka leo sijui kama alisahau kweli au alinipiga bei. Nimelipima jambo hilo kwa upande huu na upande ule, mizani haitulii. Nilimsindikiza bandarini ile Jumapili, nikabishana na wapagazi kwa niaba yake, akacheka. Binti alimshika mkono kuingia botini. Aliinamisha kichwa kidogo pale mlangoni, kwa mazoea, ingawa mlango ulikuwa mrefu.

Kiti kiko depo sasa, kati ya magunia, pamoja na kitabu cha kitanda alichonirudishia. Jumamosi mchana wanaonunua karanga wanalalamika kwamba muuzaji amekaa anasikiliza mambo ya watu ambao hawapo. Bibi wa Mugunga anakuja, anakula karanga zangu bila kulipa, na amenikatiza mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Najua nani yuko na nini.

Jumamosi iliyopita aliingia mwanamke mgeni, muuza nguo, akasema ameambiwa hapa kuna vitabu. Akataka kimoja cha safari. Nikamtolea kile cha kitanda. Akasimama nacho mlangoni, akakigeuza, akapuliza vumbi. Nilimtazama vidole.

Hakuhesabu kurasa, nami sikumwambia. Nikamwambia tutaonana Jumamosi.